Boneti Kati Yangu na Mama Mkwe

Ukitaka kumtesa fundi wa magari, mletee gari la shemeji yake. Mteja wa kawaida akinichosha namwambia aondoe gari lake uani kwangu kabla sijamrushia spana. Shemeji humwambii hivyo. Shemeji, hasa akiwa kaka wa mkeo na mahari yao hujaimaliza, unamwambia "sawa, shem," halafu unakwenda nyuma ya gereji kugombana na ukuta.

Wangu mimi anaitwa Bonface, mchuuzi wa samaki wa Homa Bay. Alikuwa na Mustang, gari la zamani la Kimarekani, refu mbele, usukani kushoto, alilouziwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Injini yake ya V8 ilinguruma hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Ilikunywa petroli mpaka ikafa, na huku kwetu Migori vipuri vyake havijulikani hata kwa jina. Mtu mwenye akili angetia injini ya pikapu ya Datsun, mambo yakaisha. Bonface akaenda Mombasa, akarudi na injini ya Mazda ya mashindano, ile isiyo na pistoni, tena yenye turbo, kile kipulizi cha kuiongezea nguvu.

Nasema haina pistoni kwa maana hiyo hiyo. Ndani yake kuna chuma chenye pembe tatu kinachozunguka, basi. Nilipoifungua mara ya kwanza niliitazama, nikaifunga, nikanywa maji.

"Shem, hii si saizi yetu," nilimwambia.

"Hii ndio engine, shem. Ni ndogo lakini ni moto. Wewe weka tu."

Ningekataa, lakini Lynnet, mke wangu, alikuwa amerudishwa kwao Rodi Kopany pamoja na mtoto wetu. Hatukuwa tumegombana. Ng'ombe wa mahari waliobaki, niliokuwa nimewaacha kwa baba yangu Kegonga, waliibwa wakavushwa mpaka kwenda Tanzania, na mama mkwe, Leonida, akasema basi binti yake bado si mke wa mtu. Mimi aliniita "yule fundi." Aliuliza watu, "Yule fundi wa Migori anasemaje?" Ungedhani Lynnet alizaa na kisanduku cha vifaa.

Ndipo Bonface akaja na mpango wake.

"Hizo ng'ombe wacha. Weka engine kwa Mustang. Ile Sunday ya harambee ya kanisa, ibebe mathe kutoka Rodi mpaka Homa Bay na imrudishe. Ikifanya hivyo, Lynnet anarudi kwako. Nimeongea na mama, amekubali."

"Na isipofika?"

"Itakosaje kufika na wewe ni fundi?"

Nilichofanya na ile injini sitamani hata adui yangu akifanye. Ilikuwa ndogo mno katika lile shimo kubwa la Mustang, ikakaa mle kama mtoto kwenye kiti cha chifu. Nilikata vyuma vya trela ya trekta kutengeneza mahali pa kuikalisha. Gia za zamani hazikuoana nayo, nikatoa zote, nikaweka za Mazda. Propela, ule mhimili wa kuzungusha magurudumu ya nyuma, ikawa fupi, nikaikata na kuiunga, ikatikisika, nikaikata tena. Turbo ilikosa nafasi, nikahamisha betri. Nyaya zilikuwa nyingi hadi nikaziota. Na kila Ijumaa Bonface alikuja, akasimama mikono mfukoni, akauliza, "Bado tu?"

Siku ilipowaka, ikalia sauti kali ya kukatakata, nilikaa chini nikacheka peke yangu. Bonface aliiendesha siku chache, kisha akarudi amenuna.

"Shem, hii kitu inakula oil. Engine ikikula oil si imekufa?"

"Hii imeumbwa hivyo. Inajilainisha kwa kuunguza oili kidogo kidogo. Wewe ongeza tu."

"Hmm," akasema, kwa ile sauti ya mtu anayefikiria kutafuta fundi mwingine.

"Na sikiliza, shem. Jambo moja tu. Ukiiwasha ikiwa baridi, usiizime kabla haijapata moto. Ukiizima mapema inajaa petroli ndani, haitawaka."

"Mimi nimeendesha magari tangu ukiwa nursery," akasema.

Nilisema sawa, shem.

Jumapili ilifika. Kwetu Kegonga na kwao Rodi Kopany tunatofautiana kwa mengi, ila hapa tunafanana: mtu na mama mkwe wake hawasogeleani, hawatazamani usoni, wala hawasemezani ovyo. Kwa hiyo nisingeweza kupanda gari lile. Lynnet na mtoto walikuwa wametangulia na akina mama wa kwaya. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara, mkabala na boma lao, nyuma ya ua wa mikonge, nimevaa shati jeupe, nikisubiri gari litoke nilifuate kwa pikapu ya rafiki yangu Machuki.

Mustang ikatoka uani polepole. Mama mkwe alikaa mbele, kilemba kimesimama, mkoba magotini. Walipofika langoni, jirani akapunga mkono. Bonface akasimama kumsalimia. Akazima injini.

Niliuma kidole changu mwenyewe ili nisipige kelele.

Walisalimiana, wakacheka, Bonface akazungusha ufunguo. Ikazunguka, isiwake. Akazungusha tena, na tena, akikanyaga mafuta, akizidi kuimwagia petroli. Nilisikia betri ikichoka.

"Acha!" nikapaza sauti kutoka kwenye mikonge. "Bonface, acha!"

"Fundi gani wewe unajificha? Kuja hapa!"

"Nitakujaje? Mama yuko ndani! Mwambie ashuke kidogo!"

Akamwinamia mama yake, wakasemezana kwa Kijaluo, kisha akanijibu, "Amekataa! Anasema akishuka ameshuka. Hapandi hii tena."

Akishuka, na Lynnet ndio basi. Bonface akafungua boneti, akachungulia mle ndani kama mtu anayetafuta mbuzi kisimani, akapiga teke gurudumu, akaondoka kwenda sokoni kutafuta vijana wa kusukuma. Machuki naye akaniuliza kama tutaenda ama hatutaenda. Hasira ilinipanda. Miezi yote ile, chuma chote kile, na nitamkosa mke wangu kwa sababu ya mtu aliyesimama kusalimia jirani.

Hapo ndipo nilipoiona boneti. Boneti ya Mustang ni pana kama mlango, na ikisimama inaziba kioo chote cha mbele. Aliye ndani hamwoni aliye mbele, wala aliye mbele hamwoni aliye ndani.

Nikavuka barabara huku nimeinama, nikaingia chini yake na spana zangu na kopo la oili kutoka kwenye pikapu. Nikachomoa fyuzi ya pampu ya petroli isizidi kumwaga. Nikafungua plagi zote, zilikuwa zimelowa chapachapa. Sasa petroli iliyojaa ndani ilipaswa kutolewa, na ili itoke, mtu azungushe ufunguo. Bonface hayupo. Nilisimama pale na plagi mkononi. Kisha nikaongea na injini, kwa sauti ya kusikika.

"Ufunguo ukizungushwa kidogo sasa hivi," nikaiambia, "petroli itatoka."

Nikadhani nimevunja heshima, yamekwisha. Kisha gari likayumba, spring za kiti cha dereva zikalia. Mama mkwe ana kinu cha kusaga mahindi pale Rodi sokoni, na amewasha ile injini yake ya dizeli kwa mikono yake tangu awe mjane. Sijui kwa nini nilikuwa nimelisahau hilo. Starta ikazunguka, petroli ikaruka ikanilowesha shati jeupe lote.

"Yatosha," nikaiambia injini. Starta ikanyamaza.

Nikatia oili kidogo kwenye kila tundu, oili ile ile niliyolalamikiwa nayo, ili ile pembe tatu ipate kubana hewa tena. Nikarudisha plagi na fyuzi.

"Sasa izungushwe bila kukanyaga mafuta. Na ikiwaka, isizimwe. Jamani, isizimwe."

Betri ikaguna. Injini ikajivuta, ikajivuta, karibu isimame, kisha ikakohoa mara moja na kuwaka. Moshi mweupe ukafunika lango, kuku wakakimbia, turbo ikaanza kupiga mluzi. Niliegemeza mikono kwenye boneti nikamwomba Mungu.

Bonface alirudi mbio na vijana wake, anacheka meno yote nje.

"Si nilisema hii ni engine! Shem, umefanya nini?"

Akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la dereva. Akapitisha mkono ndani kuelekea ufunguo, ili azime apate kunisikia vizuri.

Nikasikia kofi. Halikuwa dogo. Bonface akautoa mkono, akaushika kifuani.

"Weka mkono wako mbali!" Mama mkwe alisema hayo kwa Kiswahili, taratibu na kwa sauti kubwa, na Bonface anakijua Kijaluo tangu kuzaliwa. "Hukusikia mume wa dada yako amesema isizimwe?"

Bonface akanitazama. Vijana wakanitazama. Nami nimeshika boneti kwa mikono miwili, ninanuka petroli, nikishindwa kuishusha.