Ubao wa Saba

Msumeno ulikwama katikati ya kitanda, na Bay akakaa juu ya ubao ule ule aliokuwa akiukata, akihema.

"Usi... usilazimishe," alisema mumewe kutoka kwenye kiti.

"Nisilazimishe nani, msumeno au wewe?"

Mzee Tong akakunja uso. Tangu kiharusi kimpige mwaka jana, maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayetema kokwa. Mkono wa kulia ulilala mapajani, hauna habari na mtu. Mkono huo ndio uliotengeneza nusu ya milango ya mtaa huu wa kando ya mto, hapa mjini Hoi An, na ndio uliotengeneza kitanda hiki: mbao mbili nene za mfenesi zimelazwa ubavu kwa ubavu, juu yake mkeka, basi. Ubao wa ukutani ni wa Tong. Wa nje ni wa Bay, kwa kuwa yeye ndiye huamka kwanza kupika wali wa kunata wa kuuza asubuhi.

"Utalala wapi?" Tong aliuliza. Hiyo ilikuwa mara ya tatu tangu kupambazuke.

"Nitaning'inia darini kama popo. Hebu sogeza mguu."

Mlango ndio uliowafikisha hapo. Mlango wa nyumba ile hauna bawaba. Ni mbao nane zinazosimama bega kwa bega ndani ya mifuo miwili, mmoja juu na mmoja kwenye kizingiti. Mto ukifurika, watu huzichomoa haraka ili maji yaingie mbele na kutokea uani, maana nyumba inayoyafungia maji mlango hubomolewa nao. Safari hii maji yalikuja kwa kasi ya ajabu. Bay alimbeba mumewe kwanza, akampandisha darini. Aliposhuka kuchomoa mbao, maji yalikuwa kifuani. Saba alizifunga kwa kamba kwenye nguzo. Mmoja ulimponyoka mikononi ukaenda zake.

Maji yalipotoka, walihesabu namba zilizochongwa kwa patasi mgongoni mwa kila ubao. Pili, tatu, nne, tano, sita, nane, tisa. Ubao wa kwanza haukuwahi kuwapo. Marehemu baba yake Tong alizihesabu kama watu wa huku wanavyohesabu watoto: mkubwa huitwa Pili, ili pepo wabaya wanaomtafuta mtoto wa kwanza wasimwone. Ndiyo maana Bay mwenyewe, ambaye jina lake maana yake ni Saba, alizaliwa wa sita.

"Ala! Mama Saba, kumbe mto umekubeba wewe!" alipiga kelele jirani wa ng'ambo ya barabara, matope yamemfika magotini.

Bay alicheka naye. Kisha akaenda jikoni akalia, kwa kuwa alijua nani angefika kesho yake.

Alifika Ut, mdogo wake Tong wa mwisho, muuza milango ya bati ya kuvuta juu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja na utepe wa kupimia na kikapu cha machungwa. "Shemeji, hii unabonyeza, inapanda. Unabonyeza, inashuka. Utakuwa unahangaika na magogo haya mpaka lini?" Dada yao mkubwa, Hai, ambaye neno lake ndilo la mwisho katika nyumba ile ya wazazi, aliwasikiliza Ut na Bay, kisha akapanga siku. Siku ya kumbukumbu ya kifo cha mama yao, ukoo utakapokusanyika, mlango uwe unafunga sawasawa kwa mbao nane. Usipofunga, Ut alete bati lake.

 Tong alitazama miimo ya mlango, wazi kama kinywa cha kibogoyo, na jicho lake moja likatoka machozi. Bay alimjua mumewe. Siku mlango wa baba yake ukitolewa, naye angegeuza uso ukutani, asigeuke tena.

Basi wakaanza. Bay alizisugua zile mbao saba kwa maji ya majivu mpaka harufu ya matope ikaisha. Akazianika kivulini, amezikandamiza kwa mawe ili zisipinde. Akakwangua ngozi ya zamani iliyobabuka, akajaza nyufa kwa unga wa mbao uliochanganywa na utomvu, akapiga msasa, akapaka yale mafuta mazito ya utomvu ambayo watu wa huku hupaka vikapu vyao vya kuvulia samaki. Tong alielekeza kwa mkono wa kushoto na kwa nyusi. Bay akikosea, nyusi zilipanda. Akipatia, hazikufanya lolote, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa.

Ubao wa saba ulikuwa mtihani mwingine. Mfenesi mkavu wa unene ule haukupatikana popote, na mti mbichi ungepinda kabla ya wiki mbili. Ni Bay aliyekitazama kitanda, na ni yeye aliyeondoa mkeka.

Msumeno ulipomaliza kazi, Tong alikisukuma kwa mguu kidau cha wino, chenye uzi wa kupigia mistari ya kukatia, mpaka kikamgusa Bay. Bay akarudi nyuma. Miaka thelathini na mmoja alikuwa hajawahi hata kukiruka, sembuse kukishika. Mafundi wanaamini mwanamke akikiruka, mistari yote hupinda.

"Shika," alisema Tong.

"Na ukipinda?"

"Shika, mwanamke wee."

Akakishika, akauvuta uzi na kuuachia juu ya ubao. Mstari ulinyooka. Bay akautazama muda mrefu, na moyo wake ukajaa.

Upande mmoja wa ubao ulikuwa na doa jeusi lenye ukubwa wa sahani: mafuta ya nazi ya nywele zake. Siku ya kwanza ya ndoa yao Tong alikipiga kitanda makofi mawili upande ule na kusema, "Kichwa huku." Ulikuwa upande wa joto, mbali na dirisha. Mwaka mmoja wa jua kali Bay alijaribu kugeuka, akaamshwa. "Kichwa huku." Kwa nini? "Ndivyo." Mambo ya mafundi, Bay alijiambia, akazoea. Sasa alilionea haya lile doa. Nani anataka jasho la kichwa chake mlangoni, wapita njia walitazame? Akalipiga randa siku nzima mpaka mbao ikawa nyeupe mwanzo hadi mwisho, safi, haina kumbukumbu.

Siku ya kukata ndimi za ubao, Tong alikuwa amechukuliwa na jirani kwenda kuchomwa sindano za mishipa. Bay alikata peke yake: ulimi mrefu wa kuingia mfuo wa juu, mfupi wa kuketi kwenye kizingiti. Tong aliporudi, alipitisha kiganja cha kushoto juu ya ubao, huku na huku. Nyusi hazikupanda. Akaomba patasi, akachonga namba saba kwa mkono ule usiojua kuandika. Ilitoka imelala kama mlevi.

Siku ya kumbukumbu, moshi wa udi ulijaa sebule na sinia za vyakula zilijaa mezani mbele ya picha ya marehemu. Ndugu walikuwa ishirini na kitu. Ut alisimama mlangoni, utepe wake kiunoni. Dada Hai, mwembamba, mweupe wa nywele, aliketi mbele kabisa.

"Haya wifi, tufungie," alisema.

Bay akazipandisha mbao moja moja. Pili, tatu, nne, tano, sita. Wa saba ulikuwa bado haujapakwa mafuta, kwa kuwa ubao mpya hupakwa ukishakaa mahali pake. Uligoma kidogo, akaupiga kwa nyonga, ukaingia. Nane. Tisa. Sebule ikawa giza, na watu wakapiga makofi.

Dada Hai hakupiga. Aliwasha taa, akausogelea ubao mweupe.

"Umefunga, hilo sikatai. Lakini mimi ni binti wa fundi. Niambie wifi, shina liko wapi?"

Bay akautazama ubao kutoka chini hadi juu. Ubao husimama kama mti ulivyosimama, shina chini, kilele juu; uliosimama kichwa chini huipindua nyumba. Kila mtoto wa mtaa ule anajua. Yeye mke wa fundi alikuwa amekata ndimi bila hata kuuliza! Aliugeuza ubao ule mara ngapi alipokuwa akiupiga randa? Ishirini? Alikuwa amekata tu, upande uliokuwa karibu na mkono.

"Shemeji?" Ut aliuliza kwa upole, na upole ule ulimuumiza zaidi.

"Sijui," alisema Bay. "Sijui, wifi. Nilisahau kutazama."

Ut akauinamia ubao, akautafuta mshipa wa mti kwa ukucha. "Umepigwa randa mno. Hata mimi sioni." Watu wakaanza kunong'ona. Dada Hai akavuta pumzi, kama mtu anayejiandaa kusema jambo ambalo hapendi kulisema.

"Nywele," alisema Tong.

Wote wakageuka.

"Anataka kuchanwa nywele, maskini," alisema shangazi mmoja.

"Ny-nywele!" Tong alipiga mkono wa kiti, uso umemwiva. Kisha akapiga makofi mawili kwenye paja lake, taratibu, akimtazama mkewe.

Makofi mawili. Bay akalikumbuka lile doa. Halafu akakimbilia kopo la mafuta ya utomvu, akachovya kitambaa, akaanza kupaka kutoka chini. Mbao ikanywa, ikageuka hudhurungi ya asali. Akapaka kiunoni. Ikanywa. Akapanda juu ya kigoda, akapaka kifuani, akapaka juu kabisa, na hapo mafuta yakakataa kuingia. Yaliteleza yakabaki yakimeta juu ya mviringo mweupe, mkubwa kama sahani. Pale mbao ilikuwa imekwisha kushiba.

"Kichwa changu," alisema Bay. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, mafuta yamemfika viwikoni. "Wifi, hapo ndipo nilipokuwa naweka kichwa. Miaka thelathini na mmoja huyu mzee ananigeuza, kichwa huku, kichwa huku, nami sijui kwa nini!"

"Kilele," alisema Tong.

Dada Hai alinyoosha mkono mpaka kwenye mviringo ule, akaugusa kwa vidole viwili. Mstari wa matope ya mafuriko ukutani ulikuwa chini ya mviringo, mbali kwa dhiraa nzima.

"Ut," alisema hatimaye, "utepe huo kauweke kwenye pikipiki. Chakula kinapoa."

Saa nane mchana wageni walikuwa wameondoka. Bay aliosha mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, na bado utomvu ulinata. Chumbani kulibaki ubao mmoja wa kitanda, mwembamba wa kumtosha mtu mmoja. Tong alikuwa amejilaza tayari, amebanwa ubavu kwa ubavu na ukuta, mkono mbovu ameukunjia kifuani ili usichukue nafasi.

Bay akasimama mlangoni, mkeka kwapani, akiutazama upana ule uliobaki.

Mkono wa kushoto ukaupiga ubao makofi mawili.

"Kichwa huku," alisema Tong.