Hampden Alete Magoli Yake

Clarisse aliliona lile bango na damu ikamchemka kabla hajalimaliza kulisoma. HAMPDEN PARK, MESQUITE. Limefungwa kwenye uzio wa waya pale pale alipokuwa akiegemea marehemu mumewe Gracien, akiwangoja vijana wavae viatu.

Loo! Hampden tangu lini? Kila Mkongo na kila Mkenya aliyecheza mpira Dallas aliuita uwanja ule kwa Gracien. Ni Gracien aliyemwomba mwenye ghala kile kiwanja cha nyuma, akafyeka majani, akaokota chupa, akachomelea magoli kwa mabomba ya chuma. Mwenye ghala alitoa sharti moja tu: Jumatatu asikute kitu. Basi kila Jumapili baada ya mechi magoli yalifunguliwa, yakapakiwa kwenye pikapu, yakaenda kulala kwenye balkoni ya Gracien. Mwaka jana timu ilikwenda kucheza Houston, moyo wa Gracien ukasimama huko huko, na ndugu wa Gulfton, mtaa wa Houston, wakamzika huko. Mwendo wa saa nne barabarani, na Clarisse hajui ku-drive. Majani haya ndiyo kaburi aliloweza kulifikia, na magoli bado yalilala kwake.

"Papa Nyaga! Nani alibadilishaka jina?"

Nyaga, Mkenya, nesi, ndiye mwenyekiti wa timu. Aliwahi kusomea kazi yake Glasgow na mpaka leo hajapona. Jua la Texas linachoma, yeye kavaa skafu ya sufu. Alimwita Clarisse kwa jina la mtoto wake.

"Ni kamati, Mama Kethia. Tuli-vote. Tunataka ku-join ligi kubwa, na jina lazima liwe na historia. Hampden ni uwanja wa taifa wa Scotland! Ule wa sasa unatimiza miaka mia mwaka huu, 2003."

"Na huyo Hampden alichezaka namba ngapi?"

"Hakucheza. Alikuwa mbunge wa zamani, Mwingereza, alimpinga mfalme wake."

"Mwingereza? Hata Muskoti siye?"

"Sikiza basi. Nyumba za juu ya uwanja zilipewa jina lake, uwanja ukalichukua. Klabu ikahama, wakahama nalo. Wakahama tena, wakalibeba tena. Hiyo ndiyo heshima."

"Kumbe! Mutu hakukata hata jani moya, wanamubeba miaka yote hiyo. Na bwana yangu munamutupa mwaka moya!"

"Mama Kethia, uwanja si kaburi."

Neno hilo lilimchoma. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo walivyofanya hawa: mtu kalala udongoni, wao wanainua mikono kupiga kura! Machozi yalikwisha mwaka jana. Leo alikuwa na hasira tupu, na hasira ikampeleka moja kwa moja kwenye mfuko wa spana.

Timu ya Houston ilikuwa inapasha misuli Clarisse alipoanza kulegeza nati za goli la kwanza.

"Mama Kethia! Wageni wetu!"

"Mwambie Hampden alete magoli yake."

Vijana wawili watatu wakacheka. Mwamba wa goli ukainama upande mmoja, mzito, mrefu kuliko mikono ya mtu mmoja. Ndipo akatoka nahodha wa Houston, Elirehema, Mtanzania. Nyaga akapumua, akidhani mgeni anakuja kutuliza mambo. Elirehema akashika ncha ya pili.

"Taratibu shemeji, usijiumize. Tunaupeleka wapi?"

"Elirehema, unafanya nini?" Nyaga alimaka.

"Kaburi lake tunalifagia sisi, bwana. Leo tumeamka alfajiri kuja kwa Gracien. Hiyo Hampden yako mimi siijui."

Nyuma yake wachezaji wa Houston walianza kuvua viatu, mmoja mmoja. Nyaga akawatazama, akamtazama Clarisse, akaenda kulifungua bango kwenye uzio.

"Sawa," alinong'ona. "Ni kwa Gracien."

"Sema na sauti. Hampden ulimusema na sauti."

Akasema kwa sauti. Houston wakapiga makofi. Clarisse hakupiga. Aliitupa spana miguuni pa mwenyekiti.

"Ufunge wewe. Inama. Kila siku ya Mungu aliinamaka hapa, na wewe ulikuwa unasimama na skafu yako."