Nani Hatumii Mafuta?

Bwana wa kampuni ya kuchimba mafuta alisimama mbele yetu kwenye ukumbi wa shule, akauliza, "Nani hapa hatumii mafuta? Anyooshe mkono."

Wifi yangu alinipiga kiwiko. "Nyoosha, wifi! Miguu ilivyopauka hiyo, mafuta ya kujipaka uliyaacha siku ya harusi yako."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Basi mmekubali," akasema yule bwana. "Tutachimba bwawani."

Kicheko kikatukauka mdomoni. Bwawa hilo ndimo tunamoteka maji, na ndege hutagia kwenye matete yake. Nikainuka, magoti yakilia. "Baba, tuliitwa kuulizwa habari za bwawa. Tuleteeni taa za jua tuache hayo mafuta, bwawa mtuachie."

"Bibi, mashine ziko njiani."

Nikakaa. Hata nguvu ya kukasirika sikuwa nayo.

Jioni nilifuta masizi kwenye koroboi yangu ya mafuta ya taa, nikaipunguza utambi, nikaiwasha. Wifi akaja kula. Aliitazama weee, kisha akanyoosha mkono, akaizima.

"Ningenyoosha kulekule ukumbini," akasema.

Tukala tukipapasa sahani.