Namba Ziko kwa Bibi

Nilikuwa napiga pindo la sketi ya shule simu ilipolia juu ya meza ya cherehani. Meseji. Namba sita zimepangana, na chini yake maneno: Usimpe mtu yeyote. Nikatabasamu, nikajua mke mwenzangu amefika salama.

Mke mwenzangu ni mjukuu wangu, binti wa binti yangu. Kwenye gemu lake la kompyuta wanamwita Nyigu, na kwa jinsi anavyong'ang'ania kitu, waliompa jina hilo hawakukosea. Akaunti ya gemu aliifungua akiwa mdogo, hana laini yake, akaandikisha namba ya simu yangu. Ikabaki hivyo hivyo. Kila akikaa kwenye kompyuta ngeni, namba za kumthibitisha zinakuja kwangu, namsomea, anaingia. Yeye ana neno la siri, mimi nina namba.

"Kumbe mimi ndiye komeo la mlango wako," nilimwambia siku moja.

"Komeo zee, bibi, ila halina kutu."

Siku hiyo alikwenda kwenye mchujo, ukumbi wa mjini. Timu itakayoshinda inachukuliwa yote, wanapewa mwalimu, mashine na mahali pa kulala. Ameitafuta siku hiyo tangu ana meno ya utoto. Na ngazi zote alizopanda zimeandikwa kwenye ile akaunti. Akikaa kwenye kiti bila hiyo, ni kama hajawahi kubonyeza kitufe maishani. Asubuhi chai yake aliiacha mezani.

"Simu usiiache mbali," alinisihi akifunga viatu. "Nikifika nitakupigia, unisomee."

"Na akipiga mwingine?"

"Namba ngeni ikiuliza habari hizo, kata. Hata ukisikia sauti yangu, kata. Siku hizi wanaiga sauti, bibi. Mtu anakulilia kama mwanao kabisa."

"Mungu wangu! Na wewe unanitisha."

"Tishika. Ndiyo nataka."

Basi nikangoja apige. Hakupiga. Badala yake simu ikatoa ule mlio wa gemu. Mimi gemu silichezi. Nilijaribu mara moja, nikafa kabla sijajua yupi kati ya wale watu ni mimi. Aliniwekea ili tuandikiane, zamani alipokuwa analala bwenini, na tulikuwa tunategeana vitendawili humo mpaka matroni anamnyang'anya simu.

Jina lake likatokea, na picha yake ya nyigu.

"Shikamoo bibi. Simu zetu wamezikusanya mlangoni. Nitumie namba hapa, haraka."

Nikavua miwani nikaipangusa kwa pindo la gauni. Habari ya kukusanya simu inaingia akilini. Lakini moyo wangu nao una ukaidi wake, ukataka kuchokoza kidogo kabla ya kutoa. Nikaandika:

"Kitendawili."

"Tega."

"Kipofu mwenye jicho moja anatangulia, mrefu anamfuata."

"Sindano na uzi. Bibi, haraka!"

Nikacheka peke yangu. Nani mwingine angejibu mara moja hivyo? Nikaanza kuandika namba. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kidole changu ni kinene na kinakosea, nikafuta, nikaanza upya.

Hapo ikaingia meseji nyingine. Namba sita, lakini si zile za mwanzo. Usimpe mtu yeyote.

Nikashangaa. Akiingia mara moja, namba huja mara moja. Sasa hizi za pili ni za nani? Sijamaliza kujiuliza, simu ikaita. Namba ngeni. Nikaiacha iite mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Nikapokea bila kusema neno.

"Bibi! Bibi, ni mimi!" Nyuma yake kelele za watu na kipaza sauti. "Simu wamechukua, nimeazima ya mlinzi. Nisomee namba, wanafunga mlango!"

Sauti ni yake. Lakini si ndiye aliyeniambia nisiiamini? Na kwenye kioo picha ya nyigu inaniandikia: "Bibi, kuna mtu atakupigia anajifanya mimi. Usimsikilize."

Nikaiweka simu sikioni tena.

"Kitendawili," nikasema.

"Nini?"

"Kitendawili!"

"Bibi, jamani, si wakati wa..."

"Watoto wanne wamevaa kofia moja."

"Sijui! Sijui, bibi! Nakupa mji! Chukua mji, chukua miji yote, chukua nchi nzima, nipe namba!"

Jibu ni meza. Mtoto huyu alikijua kile kitendawili kabla hajajua kufunga vifungo. Anayeandika amejibu papo hapo, anayelia hajui. Sasa mtu mwenye akili zake amwamini yupi? Nikakata. Ndiyo, nikakata, na kilio chake kikabaki kwenye sikio langu kama maji.

Nikarudi kwa yule wa kuandika. Nikataka kumwona mjukuu wangu ndani ya maneno yake, nikapandisha kioo juu kwa kidole, juu, juu, kwenye mambo yetu ya zamani. Kilikuwepo. Kipofu mwenye jicho moja anatangulia, mrefu anamfuata. Na jibu lake chini yake, na kicheko chake, na mimi ninavyomkaripia kwa kutokula. Vyote vimeanikwa kama nguo kambani. Aliyeingia mle anasoma kila kitu. Asiyenijua kabisa anaweza kuniita bibi na kunijibu vitendawili vyangu mpaka jioni.

Na anayelia naye? Je, sauti si wanaiga? Nilikuwa na wajukuu wawili, na sikuwa na hata mmoja.

"Bibi?" picha ya nyigu ikaandika. "Bibi mpenzi, unaniua."

Nikasema, namba hizi hazitaandikwa wala hazitasemwa. Zitatoka mkononi mwangu ziingie mkononi mwake, nikimwona uso. Nikatoka mbio, kama miguu yangu bado inastahili neno hilo. Jirani yangu fundi bomba alikuwa anafunga mabomba yake nyuma ya pikipiki.

"Baba, nipeleke ukumbi wa mjini."

"Bibi, unakwenda kushona watu njiani? Una futi shingoni."

"Teremsha hayo mabomba!"

Akaniangalia usoni, akayateremsha bila utani zaidi. Njiani ndipo ulipomrudia. "Shika kiuno, bibi, si shati. Shati hili ndilo la Ijumaa." Sikuweza kucheka. Simu mfukoni ilikuwa inalia na kunyamaza, inalia na kunyamaza. Kila ikilia nilisema moyoni: ni yeye, na ninamnyima.

Ukumbi una ngazi pana mbele na mlango wa vioo. Mlango ulikuwa umefungwa. Kwenye ngazi mtu mmoja amekaa, kichwa kati ya magoti, kadi ya mchezaji bado inaning'inia shingoni. Mlinzi amesimama karibu naye, ameshika simu yake, hajui aondoke au abaki.

"Mama, huyu ni wako?" mlinzi aliniuliza.

Nyigu akainua uso. Sitauelezea. Nikampa simu, nikasema, "Namba hizi hapa, mama yangu. Chukua."

"Za nini sasa? Wameshaanza. Wanne kwa watano." Ndani watu wakapiga kelele, na yeye akafumba macho. "Nilikupigia mpaka mlinzi akaishiwa salio."

"Kuna mtu ananiandikia kwa jina lako."

Akakitazama kioo. Picha yake mwenyewe ilikuwa inaandika: "Bibi, ukinipenda nitumie." Nikaona rangi inamtoka. Alisoma akipandisha na kuteremsha, halafu akajipiga paja.

"Kura," akasema. "Ile kura!"

Akanieleza, maneno yakigongana. Juzi rafiki yake wa kwenye gemu, wanamwita Kobe, alimtumia linki: ipigie kura timu yetu. Ukurasa ulikuwa kama wa gemu wenyewe, rangi ileile, nembo ileile, ukamwomba jina na neno la siri. Akajaza. Kumbe Kobe naye alishaibiwa, na aliyetuma ni mwizi. Neno la siri likaenda, na sehemu ya kuandikiana hufunguka kwa hilo peke yake, bila namba. Lililobaki ni zile namba, ili mwizi aiondoe simu yangu, aweke yake, na akaunti isirudi tena.

"Basi badili!" nikamwambia. "Badili sasa hivi!"

Akabonyeza palipoandikwa umesahau neno la siri. Namba mpya zikaingia, safari hii kwenye kiganja chake. Akaweka neno jipya, refu, midomo ikicheza. Halafu akabonyeza toa vifaa vyote. Picha ya nyigu iliyokuwa inaandika ikanyamaza katikati ya neno.

Nikashusha pumzi. Yeye hakushusha. Ndani kelele zilipanda zikafa, kisha watu wakapiga makofi ya heshima, yale wanayopigiwa waliotolewa.

"Ungenisomea tu, bibi," akasema taratibu. "Ningekuwa ndani."

Ilikuwa kweli. Nikakaa kando yake kwenye ngazi. Nilitaka kumshika bega, akalivuta. Mlinzi akamletea simu yake kutoka kwenye kapu la mlangoni, akasema pole, dada, akarudi kwenye kiti chake.

Nyigu akafungua gemu, nikamsikia anavuta hewa kama aliyekanyaga moto. Mwizi hakuwa amekaa bure. Kila rafiki yake alikuwa ametumiwa linki ya kura, kwa jina lake, kwa utani wake, kwa majina ya utani wanayoitana. Wengine walikuwa wameshaandika asante.

"Wape habari humo humo," nikasema.

"Humo nani ataniamini? Humo ndimo alimokuwa yeye." Akanipa simu yake, akabaki na yangu. "Yangu haina salio. Nisomee namba za watu nitakaokuonyesha. Nipige mmoja mmoja."

Wa kwanza alikuwa Kobe. Alikuwa amerudishiwa akaunti yake asubuhi ile, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa.

"Nyigu? Mbona umeniandikia nipige kura, halafu unanipigia?"

"Si mimi niliyeandika. Usifungue ile linki, tafadhali."

"Umeandika pia atapiga mtu mwenye sauti yako, nisimsikilize."

Nyigu akanitazama. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Nitajuaje ni wewe?" Kobe akauliza.

"Hutajua," akasema. "Usimwamini yeye, usiniamini na mimi. Usifungue tu."

Kobe akakata. Hatukujua kama amesikia au amekasirika. Nyigu akapangusa simu kwenye suruali, akasogea, bega lake likanigusa.

"Anayefuata, bibi."

Nikavaa miwani, nikamsomea.