Wanzala Alipoimba

Saa moja asubuhi Lenah na mumewe walikuwa wameshapanda boda kutoka mtaani kwao Kongo kwenda ofisi ya kusajili walemavu, mtaa wa Olympic. Wanzala alikaa katikati, amebanwa asianguke. Alikuwa fundi wa mawe. Mwezi wa pili mwaka huu kiharusi kilimwangusha mjengoni, kikamwachia mkono wa kulia uliokufa na neno moja tu: "Jumanne." Ukimsalimu, Jumanne. Akitaka maji, Jumanne. Kuelewa anaelewa kila kitu, na hapo ndipo uchungu ulipo.

Walihitaji cheti cha ulemavu. Bila cheti hakuna mazoezi ya bure ya kuongea hospitalini, na daktari alishawaambia miezi ya kwanza ndiyo yenye faida.

Walikaa kwenye benchi mpaka saa tano. Muigai, karani wa fomu, hakuinua macho.

"Jina?"

"Jumanne," alisema Wanzala.

"Hapa imeandikwa Wanzala. Mama, huyu mzee akili iko kweli?"

Lenah angenyamaza, maana ofisi hizi hupenda watu kimya. Lakini swali hilo lilimchoma. Nyumbani, kila asubuhi, yeye huanzisha wimbo wa kanisa na Wanzala huitikia kwa sauti ya besi, kama enzi zake za kwaya. Akauanzisha pale pale. Wanzala akaitikia ubeti mzima, neno kwa neno, bila kujikwaa.

Watu kwenye foleni wakapiga makofi. Sasa Muigai akainua macho.

"Kumbe anaongea."

"Haongei, boss. Anaimba. Daktari alisema kuongea kuko upande wa kushoto wa ubongo, na huko ndio kumeharibika. Wimbo unasaidiwa na upande wa kulia."

"Mama, kwa fomu hakuna pande. Kuna anaongea na haongei." Akatia alama penye "anaongea", akagonga mhuri wa kukataa. "Kata rufaa baada ya miezi sita. Next!"

"Jumanne!" Wanzala alipaza sauti. "Jumanne! Jumanne!"

"Si unaona anaongea?" Muigai alisema.

Nje, Lenah hakulia. Hata hamu ya kulia hakuwa nayo.

"Baba Hope," alimwambia mumewe, "hiyo miezi sita usiimbe. Hata kwa nyumba. Watu wa ofisi wakikuja kuuliza majirani, waseme hawajakusikia."

Wanzala alielewa. Jumapili kwaya iliposimama, yeye alibaki ameketi, ameziba mdomo kwa mkono ulio mzima.