Wimbo wa Koti la Kijivu

Sikutaka kwenda. Nilimwambia mume wangu Stoil mara tatu, tangu tunamenya pilipili za kuchoma hadi tunafunga mlango. Binti yake, Yasena, alikuwa hajakanyaga kwetu miaka minne, simu hapokei, na sasa eti anaimba Jumapili alasiri katika baa ndogo pale Kapana, mtaa wa vijana hapa mjini Plovdiv.

"Hajatualika," nikasema.

"Tangazo limebandikwa ukutani, Dobrinka. Limealika kila mtu."

"Basi nenda wewe, mzazi wake. Mimi mama wa kambo nikafanye nini?"

"Ukibaki atasema unamchukia."

"Hatakuwa amekosea."

Nikaenda. Viti havikuzidi thelathini. Tukakaa nyuma, karibu na mashine ya kahawa. Yasena akatoka na gitaa tu, kavaa sweta iliyolegea viwiko, utadhani kashuka kuchukua barua. Hakusalimia. Aliimba akitazama viatu vyake, sauti ya chini mno hata mhudumu akaacha kuosha bilauri. Vijana wakainama mbele wapate kusikia. Mimi nikajisemea: hajui kupaza sauti, ndiyo maana wanaiita sanaa.

Wimbo wa nne ukanikata maini. Ulimhusu mama aliyefariki Desemba, na koti lake la kijivu lenye vifungo vya mfupa. Arobaini haijatimia, mgeni kaingia jikoni amelivaa, mifukoni bado mna leso za marehemu. "Alinukia kama mama yangu," aliimba, taratibu, utadhani anabembeleza mtoto, "akaniuliza chumvi iko wapi."

Msichana aliyekuwa mbele yangu akajifuta machozi. Nikajikuta nimesimama.

"Mwongo! Koti lile nilipewa!"

Shingo zote zikageuka. Yasena akaweka kiganja juu ya nyuzi.

"Sikutaja jina la mtu," akasema, sauti ileile. "Nilirusha jiwe gizani. Sasa nimesikia yowe."

Wakacheka. Nikazidi kupaza sauti.

"Nilikuja kuwapikia mlipofiwa, maana nilifanya kazi na baba yako. Nina jaketi jepesi, natetemeka. Akanivika yeye mwenyewe. Akasema ni la dada yake aliyehamia Varna, leso kazisahau. Ningejua ni la mama yako, ningelivaa? Mimi sikuzaliwa na mama?"

Kicheko kikakatika. Yasena hakuwa akinitazama tena. Alimtazama baba yake.

"Baba, ulimwambia hivyo?"

Stoil alikuwa akizungusha bilauri yake mezani. "Si mbele za watu, mwanangu."

"Ulimwambia?"

"Kulikuwa na baridi. Koti lilikuwa linaning'inia tu."

"Mimi uliniambia kalichukua kabatini bila kuomba."

Nikamgeukia mwanamume niliyeishi naye miaka minane. "Ulimwambia mimi mwizi?"

"Alikuwa analia, Dobrinka. Ningemjibu nini?"

Mjinga mimi, nilidhani sasa msichana atashuka anishike mkono. Yasena akakaza uzi mmoja wa gitaa.

"Chumvi uliniuliza, lakini," akaniambia. "Na siku ileile ukacheka na fundi bomba, mama yangu hata hajapoa. Hilo hukutumwa na baba. Sijakusamehe."

"Sijakuomba."

"Basi kaa chini, au toka. Watu wananisubiri."

Nikatoka. Mhudumu alinifungulia mlango akinitazama utadhani nimemkanyaga paka wake. Stoil alibaki kitini. Hakunifuata, wala hakumwendea binti yake. Kabla mlango haujafungika nilimsikia Yasena akiuanza upya wimbo uleule, tangu ubeti wa kwanza, bila kupunguza neno.

Mto wa Stoil niliuhamishia sebuleni jioni ileile. Huu ni mwezi wa tatu analala kwenye kochi, na kila asubuhi anakohoa kwa nguvu ili nimwonee huruma. Simwonei. Majirani wanasema nimezidi. Wanaona mzee kadhalilishwa hadharani, yatosha. Wao hawajaitwa wezi kwa miaka minane bila kujua.

Yasena alikuja mara moja, Alhamisi, kuchukua vitabu vyake. Alisimama kizingitini, akakataa kiti, akakataa chai. Nikampa boksi. Hakusema asante nami sikuitarajia.

"Baba yako yuko ndani," nikamwambia.

"Najua," akasema, akashuka ngazi.