Mkwe Mlangoni pa Bani

Mwenyekiti Masolwa alisimama mbele ya ofisi ya kijiji akasoma majina ya kundi la Jumapili. La kwanza lilikuwa la Josepha. Yakafuata majina kumi na moja, na Josepha aliyajua yote kabla hayajatamkwa. Walikuwa wanafunzi wake wa dini. Jina la mwanafunzi wa kumi na mbili Mwenyekiti hakulisoma, wala asingeweza kulisoma. Lilikuwa la Bibi Ngollo, mama mkwe wa Mwenyekiti mwenyewe, na katika nchi ile mkwe hatamki jina la mkwe.

"Kundi hili litafunga tumbaku banini kila Jumapili mpaka msimu uishe," alisema. "Tumbaku haina dini, ndugu zangu. Jani lililochumwa leo lisipofungwa leo, kesho ni takataka."

Sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Basi katekista wa kanga amepata parokia." Watu wakacheka.

Josepha hakucheka wala hakununa. Alihesabu majuma. Ulikuwa mwanzo wa Februari, mwaka 1975, na padri wa Usoke alikuwa ameahidi kuja Jumapili ya tarehe kumi na sita Machi kuwapima wanafunzi wake. Wakifaulu, wangebatizwa Pasaka na kijiji kingepata kigango chake, kanisa dogo chini ya parokia. Wakishindwa, wangerudia mafundisho ya miaka miwili kutoka mwanzo. Hao walikuwa watu waliohamishwa kwa lori kutoka mbugani mwaka uliopita, vyungu mapajani, na mafundisho hawakuyaacha njiani. Josepha hakuona ni nani kati yao angeanza upya.

Alimfuata Mwenyekiti ofisini.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Umekuja kukataa kazi?"

"Nimekuja kuomba saa mbili baada ya kazi."

"Nikikupa wewe Jumapili, Mzee Mabruki wa mabani ataomba Ijumaa yake ya msikitini, na waganga nao wataleta siku yao. Kijiji nitakijenga na nani?" Alikunja orodha yake vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mabani manne ya kukaushia tumbaku na mvua isiyokwisha. "Kusali sikukatazi. Nakataza mkutano bila kibali. Na wewe, mwanangu, hivi kweli kati ya wanaume wote Mungu hakuona mwingine?"

"Niliwahi kumwuliza hivyo hivyo," Josepha alijibu. "Hakubadili jibu."

Hilo lilikuwa kweli. Mwaka mzima alisoma katika chuo cha makatekista, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na tisa, na kila jioni aliuliza swali lile. Siku ile nyumbani alipiga magoti akasali kwa maneno machache: "Bwana, kazi ni yako. Mikono yetu wameichukua. Nionyeshe kilichobaki."

Jibu alilipata Jumapili ya kwanza. Kwa sababu ya mvua, walifungia tumbaku ndani ya bani lililokuwa tupu, jengo refu la kukaushia lenye kuta nene na mlango mmoja tu. Walikaa duara, kila mmoja na ufito wake. Chukua majani matatu, zungusha uzi, kaza; matatu upande huu, matatu upande ule. Baada ya ufito wa pili mikono ilijiendea yenyewe, na midomo haikuwa na kazi. Mwenyekiti hakuwahi kufunga tumbaku maishani mwake. Bila kujua, alikuwa amelikusanya darasa zima chini ya paa moja, akapiga marufuku utoro.

"Majani mangapi?" Josepha aliuliza.

"Matatu," wakajibu.

"Mafundo mangapi?"

"Moja."

"Basi leo tunaanzia hapo: Nafsi tatu, Mungu mmoja."

Bani la pili liliangaliwa na Mzee Mabruki, fundi wa mabomba ya moto yanayokausha majani, kutoka Mtendeni mjini. Alichungulia, akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa. "Hesabu yenu ya Mungu siikubali hata kidogo, binti," alisema. "Lakini mafundo yenu hayalegei. Endeleeni."

Bibi Ngollo alikuja bila kuitwa, akaketi mlangoni kwenyewe, kwa kuwa macho yake yalitaka mwanga.

Jumapili ya pili Mwenyekiti alisikia wimbo. Alikuja kwa hatua ndefu, fimbo mkononi. Zilipobaki hatua ishirini aliiona kanga ya mama mkwe mlangoni. Alisimama kana kwamba amekuta nyoka, akageuka, akapita katikati ya tumbaku mbichi mpaka barabarani. Mkwe hakutani na mkwe uso kwa uso. Kwa Mnyamwezi aliyelelewa vizuri, heri kunyeshewa mchana kutwa. Jumapili ya tatu alijaribu tena, na ya nne. Wanawake walicheka mpaka uzi ukawachanganya.

Josepha peke yake hakufurahi. "Bibi, naona aibu," alisema. "Nasema namtegemea Mungu, kumbe najificha nyuma ya mkwe wa mtu."

"Na mlangoni aliniweka nani?" Bibi Ngollo aliuliza. "Funga majani, mjukuu wangu."

Jumapili ya tarehe kumi na sita Machi mlango ulikuwa mtupu. Bibi Ngollo hakuonekana tangu asubuhi. Padri naye hakuonekana. Mchana Mwenyekiti Masolwa aliingia banini pamoja na mgambo mmoja, na safari hii hakuna kilichomzuia.

"Nani anafundisha hapa?"

Josepha alitazama mlangoni mara moja, hakuona mtu wa kujificha nyuma yake, na papo hapo hofu ikamtoka. Alimaliza fundo lake, akasimama.

"Mimi, Mwenyekiti. Ulitupa fito mia mbili. Zile pale, zimefungwa. Ulikataza kuacha kazi, hatukuacha. Kuhusu mafundisho sitakudanganya. Nimefundisha kila Jumapili, na sitaacha. Ukinifunga, nitawafundisha nitakaowakuta huko."

Mzee Mabruki alikohoa kutoka nje. "Mwenyekiti, mimi nasali mara tano kwa siku, na moto wako haujazimika hata mara moja."

Mgambo alitazama fito, akatazama miguu yake. Mwenyekiti alifungua kinywa. Kabla hajasema, pikipiki ilinguruma nje, ikazimika.

"Ndiyo hapa, Baba," sauti ya Bibi Ngollo ilisema. "Nilijua utapotea. Ramani yako ni ya vijiji vya zamani." Tangu alfajiri alikuwa amesimama kwenye njia ya kale ya misafara ya kwenda Ujiji, mahali ambapo njia ya kijiji kipya huchepuka. Padri akaingia. Bibi Ngollo akaketi mlangoni, akanyoosha miguu. "Nimechoka. Kuanzia hapa macho yangu hayaoni mbali."

Bani lilikuwa na mlango mmoja. Mwenyekiti Masolwa aligeukia ukuta, akauficha uso wake kati ya fito za tumbaku, akabaki hivyo muda wote wa mtihani. Alisikia kila swali na kila jibu. Hakuna aliyebabaika.

Mwisho Padri alimwuliza Bibi Ngollo kwa nini anataka kubatizwa.

"Nilihamishwa," alisema. "Nyumba ilibaki, makaburi ya wazazi wangu yalibaki. Nilimwuliza huyu mtoto kama Mungu wake naye amebaki kule. Akaniambia alitutangulia hapa. Nimekaa, nimetazama. Nimeona ni kweli."

Ukutani hakuna kilichosogea. Ni yeye Mwenyekiti aliyeleta lori siku ile ya kuhama.

"Wote kumi na wawili," Padri alisema, na banini wakapiga vigelegele. Bibi Ngollo aliinuka, akamshika Padri mkono ili amwonyeshe maji ya kunywa, na wengine wakamfuata. Mwenyekiti alijikung'uta majani mabegani.

"Kile kiwanja karibu na kisima," alimwambia Josepha bila kumtazama, "hakijapangiwa kazi. Njoo kesho uandike ombi. Uandike vizuri, nisipate sababu ya kulikataa."

Pasaka walibatizwa kiwanjani pale, chini ya turubai la tumbaku. Mzee Mabruki alileta kuni za kupikia wageni. Mwenyekiti Masolwa alisimama mbali upande wa kisima, kofia mkononi, mgongo ameuelekeza kwa waumini kama adabu inavyotaka. Josepha alianzisha wimbo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ili umfikie. Kufikia ubeti wa pili, mgongo ule ulikuwa ukiyumba polepole kwa kufuata mwendo wa wimbo.